Sweta la Zimwi la Maji Moto

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na baridi.

Baridi ya wapi?

Ya mlimani, penye kondoo na ukungu.

Basi, huko mlimani aliishi msichana, Tusekile, na mama yake. Watu wa huko hufuma masweta kwa sufu ya kondoo wao, na sufu inayonasa kwenye miiba ni haki ya wasichana wanaojifunza kufuma.

Siku moja Tusekile alifua sweta la mama yake kwa maji ya moto, akalisugua sana. Lilipokauka, lilikuwa dogo na gumu kama ngozi. Halikumwenea hata mtoto anayetambaa.

"Sufu na maji ya moto, wapi na wapi?" mama akauliza. "Sasa nimvike nani, paka? Nenda miibani, mwanangu, ukaniokotee sufu ya sweta jingine. Ila kijito usikivuke."

Tusekile akaokota. Ng'ambo ya kijito miiba ilikuwa myeupe kwa sufu. Akavuka.

Mkono ukamshika kisigino.

Lilikuwa zimwi. Likambeba hadi pangoni kwake, kando ya chemchemi ya maji moto. Mle ndani mlikuwa na nyuzi za sufu zilizokwisha kusokotwa, na mifupa ya kondoo, na mifupa mingine isiyo ya kondoo.

"Usilie, fundi," zimwi likasema. Likampa mbavu mbili zilizochongwa ziwe sindano. "Nasikia baridi. Nifumie sweta. Kola inifike puani, mikono inifunike kucha. Siku utakayofunga kitanzi cha mwisho, nitakutafuna."

Basi Tusekile akafuma. Hakuthubutu kufumua, kwa kuwa kila asubuhi zimwi lilipitisha ukucha mstari kwa mstari, likihesabu.

"Fundi, umefika wapi?"

"Nimefika kiunoni, babu."

"Fuma. Njaa yangu inasubiri."

"Fundi, umefika wapi?"

"Nimefika kifuani, babu."

"Fuma. Njaa yangu inasubiri."

"Fundi, umefika wapi?"

"Nimefika shingoni, babu."

"Fuma. Njaa yangu imechoka kusubiri."

Vitanzi vikamponyoka. Alipokuwa akiviokota, alisikia chemchemi ikitokota nje. Akalikumbuka sweta la mama.

Akafunga kitanzi cha mwisho. Zimwi likavaa, likalamba midomo.

"Limenikaa. Sasa njoo."

"Naja, babu. Lakini sufu hii haijafuliwa, inanuka kondoo. Mbwa wa kijijini watakunusa kabla hujafika kijitoni."

Zimwi liliogopa mbwa. "Nilivue?"

"Utapata baridi. Ingia nalo majini, ujisugue."

Zimwi likamfunga mguu kwa uzi uliobaki, ncha ya pili likaizungusha mkononi. Likaingia majini, likajisugua.

"Fundi, linabana."

"Jisugue, babu. Bado linanuka."

"Fundi, linabana."

"Jisugue, babu. Bado linanuka."

"Fundi, lina..."

Kola ilikuwa imefunga mdomo na pua. Mikono ya sweta ilikuwa imekunja mikono ya zimwi kifuani. Zimwi likazama, na uzi ukavutika. Ukamburuta Tusekile juu ya mawe hadi ukingoni, mvuke ukampiga usoni. Akautia uzi menoni, akautafuna. Mguu wake ulikuwa tayari umegusa maji uzi ulipokatika.

Alikimbia bila kutazama nyuma hadi alipovuka kijito.

Mama alikuwa mlangoni. "Siku zote hizi, mwanangu. Na sufu iko wapi?"

"Nimeifuma yote, mama," Tusekile akasema. Ndipo akalia.

Hadithi yangu imeishia hapo, kitanzi cha mwisho nimekifunga. Nanyi, watoto, mkikatazwa kuvuka, msivuke. Na kosa lililowaliza leo msilisahau, huenda kesho likawaokoa.