Madebe Manane kwa Tawi Moja

Hapo zamani za kale, watoto, siku zile wanyama walipojenga nyumba na kugombana na mafundi kama sisi leo, Bi Nguchiro alikuwa na kijumba cha bati chini ya mgunga. Tawi moja kubwa la mgunga huo likapasuka, likaning'inia juu ya chumba walimolala wanawe watatu. Krrrk! Krrrk! Na masika yalikuwa mlangoni.

Mkata matawi alikuwa mmoja tu, Bwana Tembo. Akaja. Tawi akalitazama kidogo, nyumba akaitazama sana.

"Madebe manane ya mtama."

"Manane! Kwa tawi moja?"

"Kupanda, mawili. Kukata, matatu. Kusomba, mawili. Hatari, moja."

"Kupanda? Wewe unapanda wapi, baba? Mkonga wako unalifikia hata ukikaa kitako!"

"Bibie, ndiyo bei ya kazi. Juzi Kobe kalipa, hata hakuguna."

"Kobe ni Kobe! Na hiyo hatari ni ya nani? Tawi liko juu ya watoto wangu, si wako!"

"Basi ngoja mvua ikukatie bure." Tembo akacheka, hoo hoo hoo, akaenda zake.

Ghalani mlikuwa na madebe manane kamili, chakula cha masika yote. Akilipa, watoto watalala njaa. Asipolipa, watapondwa. Bi Nguchiro alikasirika mpaka mkia ukasimama kama ufagio.

"Silipi! Kwanza nijue matawi yanasombwa kwenda wapi."

Akaenda kuchungulia uani kwa Tembo. Kacha, kacha, kacha! Mke wa Tembo na wanawe wanatafuna matawi yaliyosombwa kwa Kobe, majani, magome, mpaka miiba.

"Ala! Kumbe tunamlipa mtu abebe chakula chake cha jioni!"

Asubuhi akamwita Tembo aje wamalize maneno, yeye mwenyewe akapanda juu ya bati. Saa hiyo, kila siku, Mzee Twiga hupita kando ya ua akienda kisimani. Twiga si msemaji. Ukimwamkia, anatikisa kichwa tu kuitikia.

"Madebe yangu yako wapi?" Tembo akanguruma.

"Subiri, nina mgeni." Akamsimamisha Twiga aliyekuwa akipita, akamnong'oneza sikioni: "Shikamoo, mzee. Watoto hawajambo?"

Twiga akaitikia kwa kichwa, macho kwenye lile tawi, ulimi unalamba midomo.

Masikio ya Tembo yakatanuka, pwaa! "Huyu anataka nini?"

"Si umemwona mwenyewe? Haya, bei yako leo?"

"Manne!"

Bi Nguchiro akamrudia Twiga, kwa sauti ile ile ndogo: "Na mama watoto, mzima?" Twiga akaitikia mara mbili.

"Bure! Nakata bure!"

"Kisima bado kina maji?" Twiga akaitikia mara tatu.

"Nakupa na debe moja juu! Usimpe huyo mwenye shingo kama ngazi!"

"Debe kwanza, hapa mlangoni. Na bati langu lisikwaruzwe!"

Tembo akaleta debe mbio. Akalikumbatia tawi kwa mkonga, akalikata, kwaa! Akalishusha polepole kama anayelaza mtoto mchanga.

Mchana akamkuta Twiga kisimani. "Leo nimekupiku! Kazi uliyoitaka nimeichukua mimi!"

Twiga akamshangaa. Kisha, kwa mara ya kwanza, akatikisa kichwa kukataa.

Gidi, gidi, gidi! Tembo huyo mpaka kwa Bi Nguchiro.

"Umenidanganya! Twiga hakutaka kazi!"

"Nilikwambia anaitaka? Nimemjulia hali jirani yangu. Bei umeishusha mwenyewe, kwa kuwa majani hayo unajua yanakufaa nini. Mbona jana hukuniambia?"

Mvua ikaanza kugonga bati, ta! ta! ta! Ndani, watoto watatu hawakugeuka hata ubavu.

Mimi nawaachieni hili tu: mwenye mti, kabla hujamlipa mkataji, uliza majani yanakwenda kuliwa na nani.