Kwa Nini Kila Mashine Ina Jina la Mtu

Kulikuwa na wakati, ninyi bado mko shule mnafukuzana na mpira, ambapo mashine za nyumba hii, kompyuta hizi kubwa, hazikuwa na majina ya watu. Zilijipanga tu chumbani mwao zikipepesa vijitaa, zikitunza kumbukumbu za kampuni za watu. Nje jenereta lilinguruma kutwa kucha, maana umeme wa hapa Same siku zile ulikuwa wa kubahatisha. Ndani viyoyozi vilipuliza baridi mpaka wafanyakazi wakavaa masweta, na jua la hapa mnalijua wenyewe.

Mkuu wa chumba alikuwa Nakijwa Mgonja. Sheria yake ilikuwa moja: usizime. Mashine ikiwaka iache iwake, hujui imeshika nini. Aliipenda sheria hiyo, akajiona makini kuliko wote.

Nyuma ya uzio aliishi Bibi Namkunda, mkausha tangawizi. Moshi wa jenereta ulitua kwenye mikeka yake, tangawizi ikawa nyeusi, wanunuzi wakaikataa. Mavuno ya mwaka mzima, jamani! Bibi akaja getini, wala hakuja na matusi. "Mwanangu, sisemi mfunge kazi. Nataka tu kujua moshi huu unafanya kazi gani."

Nakijwa akamwona mshamba. Akamwingiza ndani akaone maajabu, asirudi tena kusumbua watu.

Bibi akajitanda khanga kwa baridi, akanyoosha kidole. "Hii?"

"Ya hospitali, bibi. Majibu ya vipimo."

"Na hii?"

"Ya chuo. Matokeo ya wanafunzi."

"Na hii je?"

Hiyo Nakijwa hakuijua. Akawaita wenzake, nao hawakuijua. Daftari likaletwa: mwenye mashine alifunga biashara miaka tisa iliyopita. Iliyofuata, hakuna aliyeijua. Iliyofuata, vilevile. Walipofika ukutani, mashine ishirini na sita kati ya sitini zilikuwa zinawaka bila mwenyewe, zinapozwa na kunyweshwa dizeli kama wagonjwa.

Bibi hakugomba. "Kwa hiyo tangawizi yangu imeharibiwa na vitu visivyo na mwenyewe?"

Lo! Laiti angemtukana. Uso ulimwaka Nakijwa ndani ya baridi ile, akatamani ardhi ipasuke immeze. Miaka yote hakuwa makini hata kidogo, alikuwa mwoga wa kuuliza. Akazizima kwa mkono wake, moja moja, zote ishirini na sita, akasubiri simu ya kulalamika. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Hakuna aliyepiga, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Akapunguza baridi, masweta yakavuliwa, jenereta likapata saa za kupumzika. Akaenda kumwomba bibi radhi, naye akamsamehe. Lakini tangawizi ilikwisha kumwagwa, na moshi uliokwisha kupanda angani hakuna wa kuushusha.

Na tangu siku hiyo kila mashine hapa hubandikwa jina la mtu anayeihitaji. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi jirani mmoja huingia, kwa sababu sisi wenyewe tulishindwa kujiuliza, akapita akisema, "Hii ya nani?" Asipoitika mtu, inazimwa. Nakijwa naye huwa amesimama mlangoni, na hata siku ambayo zote zimeitikiwa, hajaweza kumtazama jirani huyo usoni.