Shule Iliyoumwa Tumbo

Mwanamke mmoja alikuwa na daftari la wagonjwa, na ndani ya daftari hilo kuna jambo ambalo nimelifikiria miaka mingi bila kulielewa. Alikuwa matroni wa shule ya bweni ya wasichana, huko Rungwe ambako ukungu hushuka hadi madirishani na nguo hukaa kambani siku tatu. Kila aliyeumwa alikwenda kwake na karatasi ya ruhusa kutoka kwa mwalimu wa darasa. Matroni aliandika jina, akaandika tarehe, kisha akajaza safu ya tatu, iliyosema: Anaumwa nini. Katika muhula mmoja safu hiyo iliandikwa neno tumbo zaidi ya mara mia mbili. Kichwa, mara chache. Jino, jicho, mguu, mara chache zaidi. Wasichana hao walitoka vijiji mbalimbali, wengine hata hawakuwa wamezoeana, na hakuna aliyewafundisha la kusema. Kwa nini wote walichagua tumbo? Nimewauliza matabibu na nimewauliza akina mama. Kila mmoja ana jibu lake, na hakuna jibu linaloenea daftari zima.

Utaratibu ule haukutungwa na watu wabaya. Miaka kadhaa nyuma homa ya matumbo ilipita shuleni, na binti mmoja aliificha mpaka akabebwa kwa machela. Alipona, lakini walimu hawakusahau. Wakakaa, wakaandika mwongozo wa afya wa ukurasa mmoja, wakaubandika nyuma ya mlango wa matroni. Mgonjwa aje na karatasi. Aseme anaumwa nini. Akifikisha karatasi kumi katika muhula mmoja, mzazi aitwe amchukue, na asirudi mpaka alete barua ya hospitali kwamba amepona. Waliona huruma ndiyo iliyowaongoza, na mimi sina sababu ya kusema vinginevyo.

Basi mkuu wa shule, Mwalimu Mwaisaka, alipoona matumbo yamezidi, alifanya ambalo mtu mwenye akili angefanya. Aliamuru maharage yabadilishwe. Maji yakachemshwa mara mbili. Mpishi akaitwa ofisini, akasema, "Mwalimu, na mimi nakula sufuria hiyohiyo, mbona sisokotwi?" Akaambiwa aache utani. Tabibu wa zahanati akaja, akawalaza wasichana mmoja mmoja, akabonyeza huku na huku, akaondoka bila kuona kitu. Matumbo yakaendelea.

Kulikuwa na binti wa kidato cha nne aitwaye Tupokigwe. Muhula haujafika nusu, naye alikuwa na karatasi tisa. Wenzake walimtania bwenini: "Tupo, bado moja tu, anza kukunja godoro!" Alicheka pamoja nao. Lakini alijua hesabu yake. Karatasi ya kumi ingempeleka nyumbani, na mtihani wa taifa ulikuwa miezi mitatu mbele. Na angerudije? Tabibu alikwisha andika kwamba haoni ugonjwa. Hospitali gani ingeandika kwamba amepona kitu ambacho haikukiona? Akinyamaza, alikuwa anaumia darasani, macho ubaoni na asione kilichoandikwa. Akisema, alikuwa anaipoteza shule.

Jumanne moja asubuhi alikwenda kwa matroni mikono mitupu. Matroni, Mama Subilaga, akamtazama pale mlangoni.

"Karatasi iko wapi, mwanangu?"

"Sina, Mama."

"Tumbo tena?"

"Leo siumwi tumbo, Mama," binti akasema. " Na zile siku tisa sikuumwa tumbo. Ninaumwa, ila sijui ni wapi."

Matroni hakujua afanye nini. Asiye na karatasi alipaswa kurudishwa darasani. Asiyejua anaumwa nini hakuwa na pa kuandikwa. Kama angeandika tumbo, angeandika uongo, na uongo huo ungekuwa wa kumi. Alichukua kalamu, akaandika jina, akaandika tarehe, akaiacha safu ya tatu tupu. Halafu akamsogezea kiti. Hakumpa dawa. Binti alikaa mpaka kengele ikalia, akashukuru, akaenda zake.

Ijumaa mkuu wa shule alipokagua daftari akaweka kidole pale palipo wazi. "Hapa umesahau, Mama."

"Sijasahau, Mwalimu. Nimeandika ninachokijua."

Alasiri hiyo walimu wakaitwa kikao. Aliyesema kwanza ni Madamu Atuganile, mwalimu wa hisabati, ambaye wasichana walimwogopa kuliko baridi ya asubuhi. Alisema wanakwepa vipindi, na kwamba mkifungua mlango huo, Jumatatu mtakuta foleni mpaka getini. Mwalimu Lwitiko wa historia akamjibu, "Labda ni hesabu zako zinazowasokota, Madamu." Wakacheka wote isipokuwa yeye. Akaomba daftari. Akalipitia pale pale mezani, ukurasa kwa ukurasa, kidole kikishuka kwenye tarehe, na wenzake wakamngoja. Siku za vipindi vyake zilikuwa na matumbo mengi, hilo lilionekana. Lakini Jumamosi nazo zilikuwa nayo, siku ambayo hakuna kipindi. Na siku ya mahafali, ambayo ilikuwa ya nyimbo na pilau tu, walikuwapo wanne. Akalifunga.

"Nilitaka nijione humu, au nisijione kabisa," akasema. "Nimejiona nusu. Sielewi."

Hakuna aliyeelewa. Mmoja alisema ni mambo ya nyumbani kwao. Mwingine akasema ni mtihani, mwingine simu za likizo, mwingine kwamba siku hizi watoto hawasali. Kila neno lilikuwa na mtoto ambaye lilimfaa na wengine watano ambao halikuwafaa. Mtu akauliza: huyu Tupokigwe alidanganya zile siku tisa, au amedanganya siku ya kumi? Nami nikilitazama swali hilo sasa naona huenda hakudanganya hata siku moja. Aliulizwa mahali, naye akataja mahali.

Jua lilipokuwa linapungua ndipo mkuu wa shule akasema, "Tukingoja tuelewe kwanza, mtoto atakuwa amekwisha rudishwa kwao."

Wakaamua bila kuelewa. Ule ukurasa wa nyuma ya mlango ukabanduliwa, ukaandikwa mwingine. Mwenye homa au kidonda aseme, kama zamani. Asiyejua anaumwa nini asilazimishwe kutaja, asidaiwe karatasi, na siku yake isihesabiwe katika zile kumi. Mtu mwenye ujuzi wa mambo ya nafsi aombwe kutoka hospitali ya wilaya, aje kila mwezi. Na hata kabla hajafika, mtu mzima mmoja wa shule akae kila siku baada ya vipindi katika chumba cha kando ya stoo, mlango ukiwa wazi, bila fimbo wala daftari, kwa ajili ya yeyote atakayeingia.

Ikabaki nani akae. Matroni alikuwa na wasichana mia tatu na mikono miwili. Mwalimu Lwitiko akatazama viatu vyake. Wengine wakakumbuka kazi zao za jioni, na kweli walikuwa nazo. Madamu Atuganile akasema, "Mimi sijui kuzungumza na watoto. Kukaa naweza."

Jumatatu aliingiza viti viwili, akakaa kimoja. Foleni haikuwapo. Jumanne akakaa peke yake, akahesabu misumari ya dari. Jumatano Tupokigwe alisimama mlangoni, akaona ni nani aliyekaa, akataka kurudi.

"Ingia," Madamu akasema.

"Niseme nini, Madamu?"

"Si lazima."

Binti akaketi. Walikaa hivyo mpaka kengele ya chakula, kila mmoja akitazama ukuta wake. Kesho yake akarudi. Wiki iliyofuata akaja na mwenzake, na siku moja akazungumza, naye Madamu hakumwambia mtu yeyote alichosikia. Lilikuwa nini, sijui. Karatasi ya kumi haikuandikwa, na Novemba Tupokigwe aliingia chumba cha mtihani na wenzake. Mwongozo mpya ulitiwa saini na mkuu wa shule, mwenyekiti wa bodi na matroni. Lakini aliyeutekeleza, kila siku ya shule, mwaka ule na mitatu iliyofuata, ni mwalimu wa hisabati, ambaye hakuuelewa.