Kwa Nini Tunavua Viatu Langoni

Ulikuwepo wakati, wanangu, ambapo sisi watu wa Tigray tuliohamia huku nje ya Nairobi tulivua viatu mlangoni pa kanisa, kama wenzetu wa imani hii wanavyofanya kila mahali. Ua huu wote tuliuvuka na viatu vyetu, tukipiga soga, wengine tukibishana bei ya nyanya. Hakuna aliyedhani ardhi hii ina neno la kutuambia. Ilikuwa ardhi ya watu, na sisi tulikuwa wapangaji.

Kwetu, ambako ninyi hamjafika, kuna makanisa yaliyochongwa ndani ya mwamba, juu kabisa, mahali ambapo padri hupanda genge kwa mikono na miguu, kitabu kikiwa mgongoni. Mengi hayana kengele ya chuma. Yana mawe marefu, membamba, yaliyoning'inizwa kwa kamba. Mtu akiyagonga kwa jiwe dogo, yanalia hadi bonde la pili. Tunayaita dewel. Mawe hayo yaliwaita babu zetu kusali, na babu za babu zao. Ukizaliwa kule, sauti ya jiwe unaijua kabla hujaijua sauti ya baba yako.

Miaka ya njaa na vita ikatutoa huko. Tulitembea hadi Sudan, kisha tukashuka huku kidogo kidogo. Tulikuwa na Keshi Welday. Keshi ndilo jina tunalomwita padri, na kwetu padri huoa. Macho yake yaliugua njiani, na alipofika hapa alikuwa haoni kabisa. Ibada yote aliijua kwa moyo, katika lugha ya kale ya Ge'ez, kwa hiyo upofu haukumzuia. Kilichomshinda ni ukimya. Kila asubuhi alisimama uani, akageuza uso huku na huku akisikiliza, kisha akarudi chumbani kwake.

Siku moja alituita akatuambia kwamba amefika mwisho. "Nimeisikiliza nchi hii miaka mitatu," alisema. "Mawe yake ni bubu. Mungu hajatuita hapa. Narudi nikafie panapoita."

Alikuwa amepata lori la kwenda Moyale, mpakani, la kuondoka Jumamosi ya tatu kutoka siku ile. Sote tulijua kwamba kipofu hafiki mbali katika barabara iliyojaa askari na watu wenye njaa. Tulijua pia kwamba hatuna padri mwingine. Akiondoka, hakuna wa kutubatizia watoto wala wa kutuzika. Tulilia, tukambembeleza, tukashindwa.

Mkewe, Letebrhan, hakubembeleza. Aliokota kijiwe akaanza kugonga mawe. Aligonga mawe ya kando ya barabara, mawe ya mtoni, hata misingi ya nyumba za watu. Anagonga, anainamisha sikio, anaenda zake. Mtaa ukampa jina, Mama Kokoto. Nami, niseme ukweli, nilimwonea haya. Nikimwona anakuja, navuka barabara.

Wiki ya mwisho alifika machimboni, upande wa Athi, ambako akina mama huketi wakivunja mawe kwa nyundo. Mmoja wao, Mkamba aitwaye Ndinda, alimtazama akigonga mpaka uvumilivu ukamwisha.

"Mama, unatafuta nini kwenye mawe yetu?"

Kiswahili cha Letebrhan kilikuwa cha kuombea maji. "Jiwe kuimba," alijibu.

Wenzake Ndinda walicheka. Yeye akaweka nyundo chini. "Yanayolia tunayo," alisema. "Hayo meusi ya chini. Tunayaita ya chuma. Hatuyapendi, yanaumiza mkono, na kelele zake zinakaa masikioni mpaka mtu anaenda kulala."

Akachomoa moja jembamba. Letebrhan alivua shuka lake jeupe, akalitia jiwe humo, akalinyanyua likaning'inia. Ndinda akaligonga. Letebrhan aliketi chini palepale vumbini, maana ilikuwa sauti ya kwao kabisa, na jiwe lile halijawahi kutoka Ukambani. Hadi leo nikilifikiria hilo mwili unanisisimka. Mawe yale ndiyo yaliyokuwa yakivunjwa na kumwagwa barabarani na chini ya majumba ya jiji. Miaka mitatu tulikuwa tukitembea juu ya kengele huku tukilalamika kwamba nchi ni bubu.

Wawili hao walichagua jiwe kubwa, urefu wa mtoto wa miaka mitano, wakalileta kwa mkokoteni. Walifika Jumamosi yenyewe. Lori lilikuwa langoni, injini inanguruma, na Keshi Welday alikuwa ameshika mlango wake, furushi begani. Wanaume walilikimbilia jiwe, wakalifunga waya katikati, wakalitundika kwenye nguzo ya ua, wakaligonga. Likatoa mlio wa ubao mbovu. Tulijua kulisikia jiwe, lakini hakuna aliyewahi kulitundika. Hiyo ilikuwa kazi ya mashemasi, na mashemasi wetu tuliwaacha makaburini.

Ndinda alitikisa kichwa. "Mmelikaba koo," alisema. Akafungua waya, akaomba kamba mbili, akazifunga karibu na ncha, moja huku na moja kule, jiwe likabaki linaelea. Kisha akaligonga yeye mwenyewe.

Sauti ilipanda juu ya mabati ya mtaa mzima. Dereva alizima injini bila kuambiwa. Keshi Welday aliachilia mlango wa lori.

"Nani amefika kutoka kwetu?" aliuliza.

"Hakuna aliyefika," Letebrhan alimjibu. "Ni jiwe la hapa hapa. Na aliyelipiga ni wa hapa."

Keshi akaomba lipigwe tena. Likapigwa. Ndipo alipoinama, akavua viatu, akaviweka pamoja pale langoni, akaanza kutembea peku juu ya kokoto, mkono mbele, akiifuata ile sauti mpaka kiganja chake kikagusa jiwe likiwa bado linatetemeka. Alilia. Tulilia sote, na Ndinda, ambaye si wa dini yetu, nilimwona anavua gambuti zake.

Mtu mmoja alimnong'oneza, "Keshi, mlango wa kanisa bado uko mbele."

"Mlango siuoni," alisema. "Nimevua pale nilipoitwa."

Na tangu siku hiyo sisi hatuvulii viatu mlangoni. Tunavua langoni, ukingoni mwa barabara, wapita njia wakitushangaa, na tunauvuka ua peku hata kokoto zikiwa za moto. Keshi Welday aliishi miaka kumi na mmoja baada ya hapo. Aliwabatiza wengi wa wazazi wenu, na alipokufa tulimzika hapa hapa, kama alivyotuomba, katika ardhi aliyoiita bubu.