Bi Pimbi na Shida ya Bwana Chui

Paukwa!
Pakawa!
Palikuwa na jabali!
Tulipande!
Lina ufa!
Tuchungulie!

Chungulieni polepole, maana humo ndani mmejificha watoto watatu wa Bi Pimbi.

Bi Pimbi alikuwa mshauri. Wanyama wazima wenye shida zao walimjia: Kobe aliyefiwa, Nguchiro aliyeachwa na mkewe. Utaratibu wake ulikuwa mmoja. Hatoi jibu. Anauliza, mnatafuta pamoja, na mtakalokubaliana unakwenda kulifanya mwenyewe.

Adhuhuri moja akaja Chui. Huyu alikwisha kula nusu ya ukoo wa pimbi na bado hakushiba. Jabali lilikuwa peke yake mbugani. Kukimbia ni kufa. Chui akaingiza mkono ufani, kwaruu! kwaruu! Kucha zikapita karibu na pua ya mtoto mdogo. Moyo wa Bi Pimbi ukadunda du, du, du. Akajikaza.

"Karibu, Bwana Chui. Una shida gani?"

"Nataka kuwala ninyi nyote, na siwafikii!"

"Pole sana. Tutatafuta pamoja. Umejaribu nini?"

"Mkono. Haufiki."

"Kinakuzuia nini?"

"Ufa mwembamba, mimi mnene."

"Kati ya hivyo viwili, kipi unaweza kukibadilisha?"

Chui akafikiri, mkia ukipiga mwamba, pa! pa!

"Jabali siliwezi. Unene nauweza. Nisile siku saba."

"Umesema mwenyewe, Bwana. Siku ya tatu uje tuone maendeleo."

Siku ya tatu akaja. Kichwa kikaingia. Mabega, gwa! yakakwama. Pumzi yake ya moto ikawafikia watoto. Mimi hapo ningezimia, siwafichi.

"Mama Mshauri, labda nile kidogo tu?"

"Wewe unaonaje? Utapita?"

"Sitapita."

"Basi?"

"Basi nisile."

Akaenda zake, akiyumba.

Siku ya saba akaja. Kichwa kikaingia. Mabega yakaingia. Mbavu zikaingia moja moja, tiki, tiki, tiki. Watoto wakajibana nyuma ya mama yao, na nyuma yao ni mwamba mtupu. Wewe unayecheka, nyamaza! Chui akamkanyaga Bi Pimbi kifuani. Akafungua kinywa. Meno yakagusa shingo.

Taya hazikufunga.

"Mama Mshauri," akanong'ona, "nimefika, lakini sina nguvu ya kuuma."

"Pole, Bwana. Unajisikiaje?"

Chui akabubujikwa na machozi. "Tangu nizaliwe, hakuna aliyewahi kuniuliza."

Bi Pimbi akajichomoa chini ya mguu wake. Watoto wakampanda Chui mgongoni, tapu, tapu, tapu, wakatoka nje kula majani, na mama yao akawafuata. Chui hakuweza kugeuka wala kurudi nyuma. Akabaki humo. Pumzi ya mwisho ilipomtoka, bado alikuwa akisema, "Asante, Mama. Nimesikilizwa."

Ngano yangu naitua hapa. Tamu yake chukueni, chungu yake niachieni mimi. Na funzo lake ni hili: ukitaka kumla mwenzako, usimfiche. Mwambie mapema, akusaidie.