Wafanyakazi wa Shimoni

Mfano huu aliutoa kwanza Mwinjilisti Asangalwisye Mwambene, katika ibada ya mavuno ya mwaka 1994, usharikani kwetu Rungwe. Hakutaja jina la mtu, ingawa mhusika mwenyewe alikuwa ameketi benchi la pili, amevaa tai.

Kulikuwa na bwana mmoja msafi kupita kiasi. Jembe lake alilifuta kwa kitambaa kabla ya kulitundika. Mgeni akifika, alimtazama viatu kwanza, uso baadaye. Bwana huyu alijengewa mtambo wa gesi ya samadi: shimo lililosakafiwa na kufunikwa, kinyesi cha ng'ombe kinaingia upande mmoja, bomba linapeleka gesi jikoni. Siku mwali ulipowaka, wa buluu, bila moshi wala masizi, alibomoa jiko la kuni siku hiyo hiyo.

Akamwuliza fundi, "Hii gesi anaitengeneza nani?"

"Bakteria, mzee. Viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Kila mmoja ni seli moja tu yenye ukuta wake, hana mdomo wala tumbo. Chakula kinapenya ukutani, kinavunjwavunjwa humo ndani, na gesi ni pumzi yao. Akishiba anarefuka, anajigawa katikati, wanakuwa wawili."

"Wanazaana? Nyumbani kwangu?"

"Usiku na mchana. Wewe walishe, uwaache na giza lao."

Tangu hapo bwana kila alipokunywa chai alijiona amepikiwa na umati asioujua.

Ikafika wiki ya posa ya binti yake. Wazee wa upande wa mvulana walikuwa wanakuja kula, kuitazama nyumba na kutoa neno la mwisho. Bwana alitaka wakute hata shimo linanukia. Akanunua dumu zima la dawa ya kuulia vijidudu, ile ya vyooni, akaimimina yote mtamboni. Mkewe akamfuma.

"Baba, umewapa nini wale?"

"Nimewaogesha."

Gesi iliyokuwa imebaki iliendelea kuwaka kwa siku kadhaa, naye akatamba. Siku ya wageni, sufuria la ndizi na nyama ndiyo kwanza linaanza kutokota, mwali ukanywea, ukatikisika, ukazimika. Wazee wameshakaa sebuleni. Jiko la kuni halipo. Ndugu zangu, mngefanya nini?

Bwana akachomokea mlango wa nyuma mpaka kwa jirani yake, mjane mwenye mtambo kama wake, ambaye yeye bwana alikuwa amemwambia mara nyingi kwamba ua wake unanuka.

"Mama, naomba moto."

"Moto upi? Huu unaonuka?"

"Mama, wakwe wako sebuleni!"

Mjane alicheka mpaka akashika ukuta. "Haya, leteni masufuria. Lakini shimo lako umeliua, baba. Itabidi ulizoe lote, uanze upya kwa tope la mtambo ulio hai. Ndoo hii hapa, nimekujazia. Utaibeba mwenyewe, sasa hivi."

"Mchana huu? Na suti?"

"Ukiikataa ndoo, na moto hakuna."

Akaibeba. Njia ya nyuma ilikuwa imejaa wanawake wenye masufuria, wala hakuna aliyempisha, kwa hiyo alipita mbele, chini ya dirisha la sebule, tope likimchuruzika kwenye suruali. Wazee wakasimama kutazama. Mkubwa wao akatoa kichwa dirishani.

"Mkwe, umebeba nini?"

Bwana alitafuta uongo akaukosa. "Kinyesi cha ng'ombe, mzee."

Yule mzee akawageukia wenzake. "Jamani, tumepona! Tuliambiwa binti wa nyumba hii hawezi kugusa samadi hata kwa kijiti, na kwetu sisi ni ng'ombe tu. Tulikuja kula na kuaga kwa heshima. Kumbe baba yake ndiye huyu! Binti tunamchukua."

Mnacheka. Haya, na sisi je? Tunaupenda mwali wa buluu. Tunapenda kwaya iimbe, sakafu ing'ae, wageni watusifu. Sakafu hii tuliyoikanyaga asubuhi, nani ameipiga deki? Nani hapa anamjua kwa jina? Tunalishwa na watu tunaowaonea kinyaa, na tukisikia wageni wanakuja tunawasafisha wasionekane. Moto ukizimika tunauliza shetani amepitia wapi. Hakupita, ndugu zangu. Dumu tulilishika sisi.

Mwinjilisti Asangalwisye alifariki mwaka 2003. Mwenye mtambo alifariki mwaka 2011, na mjane alimfuata baada ya miaka miwili. Binti yuko hai, ni bibi mwenye wajukuu, naye ametaka iandikwe kwamba baba yake siku ile hakuvaa suti, alivaa koti. Na wale wa kwenye ndoo, kwa kuwa mmoja wao hafi kwa uzee bali hujigawa akawa wawili, wangali shimoni. Chai ya asubuhi ya leo wameichemsha wao.