Shubiri ya Zimwi

Sogeeni, jamani, hadithi inabisha hodi. Ikaribisheni!

Palikuwa na mama, Mwanamvua, ambaye binti yake Siwema aliota mapunye kichwani. Mtoto alijikuna usiku na mchana mpaka damu ikatoka. Mama akampaka mafuta ya nazi, wapi! Akamwosha kwa maji ya mwarobaini, wapi! Ikabaki shubiri, nayo ilimea kwa zimwi tu.

Akaenda, moyo ukimdunda. Alipokata jani, akasikia kru, kru, kru! Zimwi lilikuwa karibu, likijikuna kichwa kwa kucha zote.

“Nani anakata shubiri yangu?”

“Ni mimi, baba. Mwanangu halali.”

“Hata mimi silali! Nikune, au nikumeze!”

Mwanamvua alijua kwamba akilikuna, muwasho utazidi, naye atamezwa.

“Inama nikupake dawa.”

“Nikune!”

“Inama.”

“Nikune, nasema!”

“Inama, baba!”

Likainama. Akapasua jani, akapaka ute wake wa baridi kidonda baada ya kidonda. Zimwi likapiga mwayo.

“Ukienda, kesho nani atanipaka?”

“Nitarudi mimi.”

Likamwachia, naye akaondoka na majani ya shubiri. Siwema akapona, nywele zikaota. Mwanamvua naye alirudi kila asubuhi, mwoga vilevile, mpaka zimwi nalo likapona. Siku hiyo likang'oa chipukizi, likampa.

“Kapande uani kwako, uwagawie majirani. Wasije huku. Wewe nimekuzoea, wao nitawala.”

Nimeitua hapa hadithi, anayeipenda aibebe.